Mtoto Mmoja si Takwimu

Mlionitumia ujumbe wiki nzima mkinilaumu kwamba niliwakatia pabaya, pale simu ya Najat ilipoita, haya, tulieni. Simu yenyewe hii hapa. Mkishaisikia msije mkasema heri ningewaacha hivyo hivyo.

"Dada Najat! Dada Najat, Agape haamki!"

Ilikuwa sauti ya Yustina, kutoka Bangkok. Najat alikuwa amesimama katikati ya kiwanda kidogo cha plastiki huko Baiyun, mjini Guangzhou, Uchina, kopo la kijani mkononi, mashine zinanguruma, na juu ya paa ndege inashuka kwenda kutua. Akaziba sikio la pili kwa kiganja, akatoka nje mbio.

"Haamki vipi? Sema taratibu."

"Nimetoka kazini kumfuata kwa Yai, nikamkuta kalala. Nimemwita. Nimemtikisa. Mwili umelegea kama kitambaa, dada! Macho yanafunguka kidogo, yanafunga tena. Sasa tuko hospitali. Daktari ananiuliza, ana homa? Kaanguka? Kang'atwa na mdudu? Mimi sijui! Wanasema huenda ni homa ya uti wa mgongo. Wanataka kumchoma sindano mgongoni watoe maji, halafu wampime kichwa kwenye mashine. Nimepewa karatasi nisaini. Nisaini, dada? Wewe umesoma. Nisaini?"

Kwa aliyejiunga nasi leo: Yustina ni mama wa Morogoro anayefagia na kupanga bidhaa katika duka moja la bangi halali huko Bangkok. Kazi hiyo alitafutiwa na Najat. Agape ni binti yake wa pekee, mtoto wa miaka minne. Na Yai ni bibi wa Kithai anayekaa mlango wa pili, analea watoto wa majirani wakati wazazi wako kazini. Kwao, Yai ni kama kusema bibi.

Najat akajua palepale.

Wala hakuhitaji daktari. Yai ana maungio yaliyovimba, na kwa ajili ya maumivu yale hula pipi za duka lile, pipi laini zenye bangi ndani, zinazouzwa katika makopo ya kijani. Makopo hayo hutengenezwa na Najat. Na kopo hilo, tangu mwezi uliopita, hufunguka kwa kidole kimoja.

Neno lilikuwa lipo ulimini, fupi tu. Kala pipi za Yai. Mwambie daktari.

"Usisaini," alisema Najat. "Subiri. Nakupigia sasa hivi."

Akakata. Jamani! Mama wa watu kakumbatia mtoto asiyeamka, na huyu aliyekuwa na jibu anakata simu! Na afadhali angekata akalia. Hapana. Alimpigia Karanja.

Karanja ndiye mwenye maduka. Mkenya wa Thika, mcheshi, mwenye shati la kitani na meno mazuri, aliyeingia Bangkok kuuza kahawa na sheria ilipolegezwa akageukia jani. Najat, Mzanzibari wa Kikwajuni, alikuwa mtu wake wa Guangzhou. Kazi yake ilikuwa mbili. Ya kwanza, kumtengenezea makopo. Ya pili, ndiyo iliyompa jina, kumsomea data. Kila pipi iliyouzwa dukani Bangkok ilionekana kwenye kompyuta ya Najat kule Xiaobei, mtaani kwake: imeuzwa saa ngapi, ladha gani, kwa mtu wa umri gani, na mtu huyo amerudi tena au hakurudi. Karanja hakuagiza hata kopo bila kumuuliza, "Namba zinasemaje?"

Bangi yenyewe Najat hajaigusa maishani. Uchina kitu hicho hugusi, ukishikwa nacho umekwisha. Yeye aliuza makopo, basi. Mama yake Kikwajuni aliambiwa ni makopo ya dawa, na kila Ijumaa bibi wa watu anamwombea dua mwanawe kwa kuwasaidia wagonjwa.

"Karanja, binti wa Yustina kala pipi zetu. Hajitambui. Yuko hospitali."

Upande wa pili mlango ukasikika unafungwa.

"Wamejua ni nini?"

"Bado. Wanataka kumchoma sindano ya mgongo kwa sababu hawajui!"

"Sikiza, Najat. Tulia. Hizo sweets hazijawahi kuua mtu. Huyo mtoto atalala, kesho ataamka akiwa na njaa, basi. Wacha wamdunge. Wakikosa kitu watamwachilia."

"Ni sindano ya mgongoni, Karanja! Mtoto mdogo!"

"Na ukisema, nani atashikwa? Mimi? Mimi niko na leseni na niko na wakili. Yustina hana kibali cha kazi. Unajua hivyo, ama umesahau ni nani alimleta? Watamweka ndani leo leo. Huyo mtoto akifungua macho atafungulia kwa watu hawajui. Wewe ukimpenda huyo mama, nyamaza."

Akakata. Najat akabaki amesimama uani, jua la alasiri linamchoma utosini, na aibu kubwa ni kwamba maneno ya Karanja yalimpoza kidogo. Alitaka yawe kweli. Alitaka awe ananyamaza kwa ajili ya Yustina, si kwa ajili yake mwenyewe.

Mficha uchi hazai, wahenga walishasema. Lakini siku ya siku, nani hukumbuka?

Akarudi ndani. Miguu ilimpeleka hadi kwenye kijichumba cha Bosi Liang, mwenye kiwanda, mzee mfupi anayevuta sigara bila kuwasha kwa kuwa mkewe kamkataza. Alikuwa anammiminia chai kwenye kikombe kidogo kama kidole.

"Laoban," alisema Liang, kwa maana sokoni kule kila mtu humwita mwenziwe bosi, "rangi imekutoka. Shehena ina kasoro?"

Macho ya Najat yalikwenda ukutani.

Ukutani kulikuwa na misumari, na kila msumari umening'iniza mfuko wa nailoni wenye sampuli ndani. Huo ndio utaratibu wa viwanda vya kule. Mteja haji na maneno. Anachukua kalamu ya wino mzito, anatia saini juu ya kitu chenyewe, na kiwanda kinakining'iniza. Kitu kikishatiwa saini, mashine zinakifuata hicho tu, kwa uzuri na kwa ubaya wake. Ukija kulalamika, unaonyeshwa saini yako.

Msumari wa tatu ulikuwa na kopo la kijani, na juu ya kifuniko kumeandikwa, kwa mkono mzuri wa mtu aliyesoma chuo, Najat.

"Unaliangalia hilo?" Liang akauliza. "Mimi nilikuambia."

"Najua uliniambia."

"Kifuniko cha kwanza kilikuwa kizuri. Bonyeza chini, zungusha. Mtoto hawezi. Ukasema wazee nao hawawezi."

Na kweli hawakuweza. Msimwone Najat mtu mbaya kirahisi hivyo. Lawama ya kwanza ilitoka kwa Yustina mwenyewe: "Dada, bibi yetu Yai mikono inamuuma, kopo lenu hafungui mpaka aniite." Baada ya hapo zikaja za wateja, mtandaoni, nyota moja moja. Mmoja kasema ameomba koleo kwa jirani. Mwingine kasema amerudi kwenye panadoli yake. Najat akaziingiza zote kwenye jedwali, akazitazama, na jambo likajitokeza wazi kama mchana. Watu wa umri wa Yai wananunua mara moja, hawarudi. Akajaribu kifuniko chepesi katika duka moja tu. Wazee wakarudi, na wakaja na wenzao.

"Namba hazidanganyi," alimwambia Karanja siku ile, na Karanja akacheka kwa furaha akasema wewe ndiye akili ya hii biashara. Najat alilala vizuri usiku huo. Alijiona amewaonea huruma wazee.

"Laoban," Liang akaendelea, na hakuwa na nia ya kuumiza, alikuwa anazungumza tu kama mtu anayezungumza na chai yake, "na yule mtoto wa kwenye simu? Yule aliyefungua?"

Najat akafumba macho.

Kwa maana hilo ndilo hasa. Kupima kopo mbele ya watoto ni kazi. Inataka watoto wengi, wazazi wao, mtu wa kusimamia, na Karanja alikuwa na haraka ya msimu wa watalii. Najat akaona njia ya mkato. Akamtumia Yustina makopo matupu ya aina zote mbili, akampigia simu ya video. "Mpe Agape ajaribu, nione."

Agape kakaa sakafuni, nywele zimesukwa mabutu. Lile gumu akalizungusha, akaling'ata, akalitupa chini ya kitanda kwa hasira. Lile jepesi, pu! Mara moja. Akatazama simu kwa mshangao.

Na Najat alifanya nini? Alipiga makofi! "Hongera, Agape! Hongera mwanangu!" Mtoto akacheka, akalifunga, akalifungua tena, pu, ili apigiwe makofi. Akalifungua mara nyingi hadi mama yake akasema basi, dada ana kazi. Baadaye Najat alimwonyesha Liang video ile kama kichekesho, humu humu chumbani, akiwa na kalamu mkononi.

Liang hakucheka. Aliuliza, "Na sasa?"

"Mtoto mmoja si takwimu," alijibu Najat. Akatia saini.

Sasa alikuwa anaiona sentensi hiyo yote, neno kwa neno, na alitamani mtu ampige kofi. Alikuwa amemfundisha mtoto wa watu mchezo. Alimfundisha kwa makofi, kama anavyofundishwa mtoto kusema shikamoo. Hakuna namba yoyote kwenye kompyuta yake iliyoonyesha nani amekaa sakafuni karibu na kopo la bibi.

"Astaghfirullah," alisema kwa sauti. "Nimeua mtoto."

"Nini?" Liang akasimama.

Najat alikuwa ameshaishika simu.

Ikaita. Haikupokewa.

Akapiga tena. Haikupokewa. Chai aliyomiminiwa ilikuwa imeshapoa, ndipo akatambua amekaa pale muda gani. Akapiga tena huku anatembea, chumba chenyewe hatua mbili kinaisha, anageuka kama kuku aliyefungwa mguu. Liang alisogeza kiti ili asijikwae.

"Pokea, Yustina. Pokea, mama. Pokea nakuomba."

"Haloo?" Sauti ilikuwa nzito, ya mtu aliyelia akamaliza.

"Umesaini?"

"Nimesaini. Hukupiga, dada. Daktari akasema tunachelewa. Wameshamwingiza ndani."

"Wazuie! Yustina, nisikilize. Kala pipi za bangi. Zile za dukani. Kwa Yai. Mwambie daktari sasa hivi, bangi, mwambie hivyo hivyo, wampime mkojo. Kimbia!"

Palisikika viatu vinakimbia, mlango, sauti za Kithai zinapanda, mwanamke mmoja anakemea, na Yustina anapiga kelele neno moja tu, tena na tena, neno ambalo kila daktari wa mji ule analijua. Halafu simu ikawa kama imeangushwa mfukoni. Najat alisikia nguo zinakwaruza na pumzi. Akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji ya Bosi Liang, simu sikioni, akaanza kuomba kwa maneno yasiyo na mpangilio.

Alisikia mtu anasema kwa Kiingereza, "Simama, simama, tusimchome."

Akalia.

Liang hakujua Kiswahili wala Kiingereza, lakini alikuwa na wajukuu. Akatoka akazima mashine ya kwanza mwenyewe, kisha akawapungia mkono vijana wazime na nyingine. Kiwanda kikanyamaza.

Ilipita kitambo. Hatimaye Yustina akarudi kwenye simu.

"Wamemwekea hewa na dripu. Daktari anasema kama ni hiyo, ataamka, ila walikuwa wanamtafutia ugonjwa mwingine kabisa. Anasema tungesema mapema."

"Alhamdulillahi. Yustina, mimi..."

"Ngoja, dada. Nikuulize." Ile sauti haikuwa ya kukasirika. Afadhali ingekuwa. "Umejuaje?"

"Yai hula zile pipi. Wewe mwenyewe uliniambia."

"Nilikuambia mwaka huu mwanzoni. Umekumbuka leo saa ngapi?"

Najat angeweza kudanganya. Uongo mdogo tu, wa huruma, nimekumbuka sasa hivi tu nikakupigia. Mtu angemlaumu?

"Nilijua uliponipigia mara ya kwanza," alisema.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ukaniambia nisubiri."

"Ndiyo."

"Nimekaa na mwanangu mapajani, nakusubiri wewe. Ulimpigia nani, dada Najat?"

Yustina hakungoja jibu. Si mjinga. Anapanga bidhaa katika duka la mtu huyo siku sita kwa wiki.

"Ulimpigia bosi," alisema Yustina. "Mwanangu anakufa, ukaenda kuomba ruhusa."

Akakata.

Enyi wasomaji wangu, matusi yapo ya kila namna, na Najat katika masoko ya Liuhua ametukanwa kwa lugha tano. Hakuna lililowahi kumkaa kama lile. Kwa sababu halikuwa tusi. Ilikuwa ndiyo habari yenyewe, kama ilivyotokea.

Akainuka. Akautoa mfuko kwenye msumari wa tatu, akalitoa kopo, akachukua kalamu ya wino mzito juu ya meza ya Liang, akalichora jina lake mkasi mkubwa. Akachora tena mpaka jina lisisomeke.

"Shehena haitoki," alisema kwa Kichina. "Hata kopo moja."

"Na yaliyokwisha tengenezwa?"

"Saga. Gharama yangu."

Liang alilipokea kopo kwa mikono miwili. "Mtoto yu hai?"

"Yu hai."

"Basi kaa unywe chai."

Hata kikombe hakikufika mdomoni, simu ikaita. Karanja!

"Umeniuza!" Safari hii hakukuwa na utani wala meno mazuri. "Hospitali imepigia polisi, polisi wako mlangoni kwa duka yangu! Miaka yote nimekulipa, Najat, hivi ndivyo?"

"Makopo yale yatoe kwenye rafu, Karanja. Yote. Na wateja walionunua wapigiwe simu, namba zao tunazo."

"Tunazo? Nani, sisi? Nimezima. Maduka nimefunga, na mfumo wote nimezima. Fungua kompyuta yako uone kama kuna kitu."

Akaitoa kompyuta mkobani, akaifungua. Lile jedwali lake, kazi ya miaka mitatu, wateja wote na majina yao na simu zao, halikuwepo. Skrini ilikuwa inamwomba neno la siri, na la kwake lilikataliwa. Najat alishangaa kwamba hakuumia. Alifikiri, acha liende. Laiti lingekwenda mapema.

Msomaji, hapo ndipo alipokosea tena.

Jua lilikuwa limeanza kulegea Yustina alipopiga. Najat aliiangalia simu kwa woga kabla ya kuipokea.

"Kafumbua macho," alisema Yustina, haraka haraka, bila salamu. "Ananijua. Kaomba maji."

"Ee Mola wangu, ahsante! Yustina, najua sistahili hata..."

"Nyamaza kwanza, sikukupigia kwa hayo. Nimemuuliza alikula ngapi. Kaniambia hakula peke yake. Kagawana na mwenzake. Dada, mimi ndiye niliyemfundisha asile kitu peke yake!"

"Mwenzake yupi?"

"Noi. Mtoto wa kiume, mdogo kuliko yeye. Na yeye analelewa kwa Yai. Baba yake alikuja kumchukua mchana, akamkuta kalala, akambeba hivyo hivyo begani. Walikuwa wanasafiri kwenda mkoani kwa basi. Yai analia tu hapa, anasema alidhani mtoto kachoka na jua."

"Mpigieni baba yake!"

"Yai hana namba yake! Huyo baba amehamia juzi, anapita asubuhi anamwacha, jioni anamchukua. Hata jina lake la ukoo Yai halijui. Anachojua ni kwamba lile kopo alinunuliwa na huyo huyo baba, kama zawadi ya kumlelea mtoto. Alinunua dukani kwetu, kwa kadi yake ya uanachama."

Wote wawili walifikia wazo moja. Maana mwanachama yeyote wa maduka ya Karanja, siku anapopewa kadi, huandika jina na namba ya simu. Kadi hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha Najat data. Kopo la kijani, duka la Yustina, mteja mwanamume, wiki hii. Angempata kabla hajamaliza kusema bismillahi. Angempata, kama angekuwa na pa kuangalia.

"Dada Najat," Yustina akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aligundue lile jambo sauti yake ikamwomba. "Wewe ndiye mwenye zile namba. Mtafute."

"Namtafuta," alisema Najat.

Akampigia Karanja.

Karanja alimsikiliza mpaka mwisho. Alipoongea alikuwa ameshatulia, na utulivu wake ulitisha kuliko zile kelele.

"Naweza kukufungulia. Ni kubonyeza tu."

"Bonyeza basi! Mtoto yuko ndani ya basi, Karanja, kila mtu anadhani kasinzia!"

"Nitabonyeza. Lakini mimi pia nazama hapa, na niko na familia. Polisi wanauliza huyo mtoto wa kwanza alipata wapi sweets. Baba wa Noi hawamjui bado, na hawatamjua. Kopo lilitoka dukani kwangu mkononi mwa mfanyakazi. Ikiwa imeibwa, si mimi niliuza, na leseni yangu inabaki. Hiyo ndiyo story. Niko na afisa hapa kando yangu, anajua Kizungu. Wewe ndiye ulimleta Yustina, neno lako lina uzito. Mwambie Yustina ameiba. Mara moja tu. Halafu nakutumia namba."

"Unataka nimfunge mama akiwa kitandani kwa mtoto wake?"

"Nataka uchague. Ukimtajia afisa huyo mtoto wa pili, nafuta kila kitu, kidole changu kiko hapa. Wao watamtafuta kwa mihuri na barua. Unataka kungoja mihuri?"

Angalieni mtu alivyobanwa. Asubuhi alikuwa na heshima zake zote, anaulizwa namba zinasemaje. Sasa wapo watu wawili tu mbele yake, na kila mmoja ana uso. Yustina amekaa kwenye kiti cha hospitali, mkono wa mwanawe mkononi. Na mtoto mwingine, ambaye Najat hajawahi hata kumwona, kalala begani kwa baba yake, na abiria wanawatazama wanatabasamu.

Simu ikapita mkononi mwa mtu mwingine. Sauti ngeni, ya adabu, kwa Kiingereza: "Mama, unamfahamu mfanyakazi anayeitwa Yustina?"

Bosi Liang alikuwa mlangoni, anamtazama. Najat akampa mgongo. Hakutaka mtu yeyote aone uso wake wakati wa kulisema lile.

"Namfahamu," alisema. "Aliiba."

Lilitoka bila hata kutetemeka, na hilo ndilo lililomfanya aichukie nafsi yake zaidi.

Simu ikakatwa. Ujumbe ukaingia: jina la Kithai na namba ndefu, bila neno lingine. Karanja ni mtu wa kutimiza ahadi, angalau hilo. Vidole vya Najat vilikosea tarakimu, akafuta, akaanza upya, Liang akamshikia kiwiko.

Ikaita. Ikaita. Ikaita.

Ikapokewa. Kulikuwa na mngurumo wa basi, na muziki laini wa redio ya dereva.

"Haloo? Haloo! Mtoto wako," Najat akapaza sauti kwa Kiingereza, "tafadhali, mtoto wako Noi, mwamshe! Mwamshe sasa hivi!"

"Shhh," alijibu yule baba, kwa Kiingereza cha kuungaunga, kwa mnong'ono wa mzazi mpole. "Mama, taratibu kidogo. Amelala vizuri sana."